Tovuti ya kutambua fomati, kumbe inasoma jina tu

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike nikiwa na hasira, lakini hasira yenyewe imegoma kupoa.

Nilikuwa na video fupi iliyookolewa kwenye kadi ya memori iliyokufa. Mwanangu anapiga hatua zake za kwanza. Nakala nyingine sina. Faili lilirudi na jina la tarakimu tupu, bila nukta wala herufi za mwisho, na kompyuta ikabaki kuniuliza nilifungue kwa programu gani. Nikaenda kwenye tovuti moja inayojinadi kutambua fomati, yaani aina, ya faili lolote. Jibu: "Fomati haijulikani. Faili limeharibika." Chini yake, kitufe kikubwa cha kulipia ukarabati.

Nilikaribia kulipa. Ubahili ndio ulioniokoa.

Nikawaandikia. Wakajibu: "Mpendwa mteja, mfumo wetu haukosei. Hakikisha faili lako lina jina sahihi." Jina sahihi! Ningelijua, kwenu ningefuata nini?

Basi nikawatega. Faili lile lile nikalibandika .pdf mwishoni, wakaniambia ni hati ya PDF. Nikaweka .mp3, likageuka wimbo. Kumbe hawachungulii ndani hata kidogo.

Na ishara zimo humo humo, mwanzoni kabisa. PDF huanza na %PDF, zip huanza na PK (hata docx, hati ya Word, kwa kuwa nayo ni zip iliyovalishwa jina jingine), video ya AVI huanza na RIFF. Langu nililifungua kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu. Takataka tupu, ila kwenye mstari wa kwanza nikaona ftyp, kisha qt. Hiyo ni MOV, aina ya video ya QuickTime ya Apple. Nikaongeza .mov, mtoto huyo akatembea. Baadaye nikajaribu MediaInfo, programu ya bure, kwa nakala isiyo na herufi za mwisho: ikaitambua papo hapo, hadi kodeki (mbinu ya kubana data) ya picha na ya sauti.

Nisiwaonee, ukurasa wao ni mwepesi na hauna matangazo. Nilipoanza kuandika nilishapanga kuwapa nyota mbili. Lakini kile kitufe! Wangapi wamekibonyeza kulipia matibabu ya faili zima kabisa? Hapana, moja. Tena naiona nyingi.

Jana wamenitumia barua pepe kuniomba maoni. Imeanza na "Mpendwa mteja".