Kurasimisha ujuzi wa fundi wa mtaani: huduma inayostahili sheria yenye nguvu zaidi

Kaka yangu amejenga nyumba za watu kwa miaka 18 bila cheti, kwa kuwa uashi alijifunza kwa kumbebea fundi mmoja zege na matofali, na ndiyo sababu nilimsindikiza kwenda kurasimisha ujuzi wake, yaani kupimwa na kupewa cheti cha kazi anayoijua tayari, huduma iliyo chini ya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Ninachokisifu kwa moyo wote ni namna ya upimaji. Mtahini hakumketisha darasani, bali alimtazama akinyanyua kona ya ukuta kwa timazi na pima maji, akamuuliza kwa mdomo kwa nini alichanganya mchanga na saruji kwa kiasi kile, na pale alipoonekana kupungukiwa, yaani katika kusoma ramani, alipewa mafunzo ya kuziba pengo hilo kabla ya kupata cheti. Mtu mzima aliyeacha shule mapema anaheshimiwa hapo, na kaka yangu alilisema hilo mwenyewe njiani tukirudi.

Taarifa ndizo haba. Kituo cha kwanza tulichokiendea kilituzungusha mara tatu, kila ofisi ikitutuma kwingine.

Waajiri wakubwa nchini tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi; ningependa Bunge litenge kisheria sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya mafundi wa aina hii, ambao ada hutoka mfukoni mwao.