Testa ya waya wa mtandao ya shilingi 15,000: inunue, ila usiiamini yote

Nina steshenari hapa Moshi, si mbali na stendi: kompyuta tano, printa moja, ruta na swichi ya matundu nane inayogawa mtandao kwa kompyuta. Msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya HESLB foleni inafika barazani, na mtandao nao ndipo unapoamua kukata. Kompyuta ya ukutani ilikuwa inapoteza intaneti kila mteja akipita nyuma ya kiti. Fundi niliyezoea kumwita aliangalia taa za swichi, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekufa. Toa 80,000 nikuletee nyingine." Imekufa vipi na kompyuta nne zinapata? Akasema basi ni tundu moja ndilo lililokufa. Nikauchomoa ule waya nikauhamishia tundu la jirani mbele yake. Tatizo likahama nao.

Hela ya swichi ikabaki kwenye droo, mimi nikaenda kununua testa. Nilitajiwa 20,000, tukabishana mpaka 15,000.

Ni kidude cha plastiki chenye vipande viwili. Kikubwa kina betri na kitufe cha kuwashia, kidogo unakiweka mwisho mwingine wa waya. Unauchomoa waya kwenye swichi na kwenye kompyuta, kila ncha unaitia kwenye kipande chake, unawasha, na taa zinapita kuanzia 1 hadi 8, moja kwa kila uzi ulio ndani. Kitufe ukikisogeza kwenye S zinapita polepole, jambo ambalo sisi wavaa miwani tunalishukuru. Uzi uliokatika taa yake haiwaki. Nyuzi zikiwa zimepishana, kipande kikubwa kinahesabu sawasawa huku kile kidogo kikirukaruka.

Wangu nilipoukunja karibu na kichwa, yaani ile plagi ya plastiki ya mwisho wa waya, taa ya 3 ilizimika, nikiunyoosha, inarudi. Jibu lenyewe hilo, maana kompyuta ikiwa kwenye spidi ya megabiti 100 inatumia nyuzi za 1, 2, 3 na 6 tu. Ya 3 ikikatika huna kitu. Ya 7 ikikatika, unaweza kuendelea na kazi kwa megabiti 100 usijue, wakati vifaa ulivyonunua ni vya megabiti 1,000, ambavyo vinataka nyuzi zote nane. Nilikata kichwa cha zamani, nikabana kipya, kompyuta ikatulia. Kwa kazi hiyo peke yake testa imerudisha hela yake.

Sasa niseme inapodanganya, kwa sababu muuzaji hatakwambia. Waya unaokwenda chumba cha nyuma, tunakopiga picha za pasipoti, ulikuwa unawasha taa zote nane kwa mpangilio mzuri kabisa, na bado picha zilikuwa zinakwama njiani kuja kwenye printa. Mtoto wa jirani yangu anasomea mitandao. Alipita jioni, shikamoo, marahaba, akainama kuchungulia rangi kupitia plastiki ya kichwa. Testa hata hakuigusa. Aliyebana waya ule alikuwa amezipanga rangi mbilimbili, kila moja na mwenzake: chungwa na chungwa, kijani na kijani. Kwa macho inapendeza. Lakini nyuzi hizi zimesokotwa jozi jozi makusudi, ili mawimbi ya jozi moja yasiichafue nyingine, na uzi wa 3 na wa 6 lazima watoke jozi moja. Ukizipanga vile, 3 anatoka kijani na 6 anatoka bluu, msokoto hauna tena faida. Waya mfupi unaweza kuvumilia; mrefu utakusumbua. Testa haioni hayo, yenyewe inauliza tu kama umeme umefika upande wa pili, na umeme ulikuwa unafika.

Mpangilio alioniandikia ukutani kwa kalamu ya marka ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili vilevile. Tulibana upya, picha zinakuja.

Haikwambii pia waya umekatikia wapi, wala kama ulichouziwa ni shaba au alumini iliyopakwa shaba. Hiyo kwangura uzi kwa wembe; ukiona weupe wa fedha ndani, umepigwa. Na kabla hujaanza kuchomoa vitu, angalia anwani ya kompyuta kwenye mtandao (IP). Ikianza na 169.254, ruta haijaipatia anwani, kwa hiyo kuukagua waya ni pa kuanzia. Ikiwa na 192.168 kama wenzake na ukiiita ruta kwa ping inajibu bila kukatakata, waacheni waya wapumzike, tafuteni kwenye ruta au kwa anayewauzia intaneti.

Wenye kamera za ulinzi muwe makini: baadhi ya waya zake zinabeba umeme wa kuwasha kamera. Ukichomeka testa upande mmoja huku wa pili uko kwenye swichi yake, unaweza kuiunguza.

Mwenye kutumia hotspoti ya simu hana haja nayo. Mwenye waya hata tatu ukutani ainunue, pamoja na betri ya mraba ya volti 9, maana yangu ilikuja bila betri na muuzaji akanyamaza.