Siku mbili za Disney: California au Florida?

Kama una siku mbili tu na hujawahi kwenda, nenda Anaheim, California. Disneyland, bustani ya burudani iliyofunguliwa 1955, inatazamana na jirani yake California Adventure. Kutoka lango moja hadi jingine ni dakika chache kwa miguu. Hoteli nyingi nazo ziko karibu, kwa hiyo mtoto akichoka mchana mnarudi kulala kidogo, jioni mnaendelea.

Walt Disney World ya Florida ni habari nyingine. Ilifunguliwa 1971, ina bustani nne, na eneo lake linakaribia kilomita za mraba 100. Ukienda Magic Kingdom, mojawapo ya hizo nne, kwa gari, kuegesha si kufika: bado kuna kivuko au treni ya reli moja ndipo ulione lango. Muda huo unakatwa kwenye siku zako mbili hizo. Ukiing'ang'ania Florida, chagua Magic Kingdom na nyingine moja, basi. (EPCOT, nayo mojawapo ya hizo nne, kwa maoni yangu, ni ya watu wazima zaidi.) Majira ya joto ya huko beba koti la mvua, ngurumo za alasiri husimamisha michezo ya nje.

Kokote uendako, uwe langoni kabla halijafunguliwa. Foleni za saa ya kwanza ndizo fupi.