Toastmasters: mahali pa kufanyia ujasiri mazoezi

Ukitaka ujasiri uwe dira ya maisha yako, utafute pa kuuzoesha. Klabu za Toastmasters, ambako watu hujizoeza kuhutubia, zilizoanza California mwaka 1924, zinafaa sana. Hotuba ya kwanza humhusu mzungumzaji mwenyewe, na taa humwonyesha muda: ya kijani huwaka dakika ya 4, ya njano ya 5, nyekundu ya 6. Pembeni kuna mtu anayehesabu kila "aaa" yako. Wengi hukwama kwa kukariri neno kwa neno. Likiponyoka moja, yote yanayeyuka. Kariri mwanzo na mwisho tu, katikati shika hoja 3. Maswali ya papo kwa papo, dakika 1 hadi 2 bila maandalizi, ndiyo yanayokomaza kweli. Usiyakwepe. Ada hulipwa kila miezi 6.