Weak Hero Class 1: leo tuzungumze kuhusu Beom-seok

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Niko hapa nyumbani, Section 58, Nakuru, na mkisikia kelele za watoto huko nje mnivumilie, shule zimefungwa. Wengi mmeniomba nichambue Weak Hero, ile tamthilia ya Korea ya vijana wa sekondari, na leo nataka tumtazame hasa Beom-seok, mmoja wa vijana hao. Jana usiku nimeimaliza kwa mara ya pili, nikiwa na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha tatu, na kusema ukweli sikulala vizuri.

Kwa ambaye hajaiona: msimu wa kwanza una vipindi 8, kila kimoja dakika kama 40. Ulitoka Korea Kusini Novemba 2022, ukaingia Netflix Machi 2025, na mwezi uliofuata msimu wa pili ukatoka. Hadithi yenyewe ilianza kama katuni ya mtandaoni. Mhusika mkuu ni Yeon Si-eun, anaigizwa na Park Ji-hoon. Kijana mwembamba, haongei, namba moja darasani. Wazazi wameachana, kila mmoja na shughuli zake, na yeye kilichobaki ni vitabu. Kule kuna mtihani wa kuingia chuo kikuu unaitwa Suneung, unafanywa mara moja tu kwa mwaka, Novemba. Sisi tuliokesha na tochi tukiisubiri KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, katika kipindi cha kwanza, wanaomwonea wanapanga abandikwe kiraka cha fentanyl shingoni siku ya mtihani wa majaribio. Dawa kali. Maandishi yanacheza mbele ya macho, kalamu haishikiki. Halafu linakuja lile onyesho ambalo kila mtu analizungumzia: Si-eun anajizaba makofi mwenyewe, kofi juu ya kofi, darasa limetulia tuli, shavu linaiva. Kisha anashika kitabu na kalamu. Sitasema zaidi. Ninachotaka mtazame ni macho ya Park Ji-hoon. Haigizi ubabe. Ni macho ya mtoto aliyevumilia mpaka uvumilivu ukaisha, na mimi macho hayo nimewahi kuyaona, nitawaambia wapi.

Si-eun hana misuli, kwa hiyo anapigana kwa hesabu: mtu yuko umbali gani, ataanguka upande gani, kitu gani kiko karibu na mkono. Mwongozaji You Su-min ameyapiga picha mapigano hayo yakaonekana yanauma. Mtu akiumia leo, kesho bado ana plasta.

Lakini kilichonifanya niwashe kamera si ngumi. Ni urafiki wa vijana watatu. Si-eun ni wa kwanza. Wa pili ni Ahn Su-ho, anayelala darasani kwa sababu usiku yuko kwenye pikipiki akipeleka vyakula vya watu; amelelewa na bibi yake. Choi Hyun-wook anamwigiza kwa wepesi mpaka unatamani awe jirani yako. Wa tatu ni Oh Beom-seok, anaigizwa na Hong Kyung. Huyu amechukuliwa alelewe na mwanasiasa mkubwa, nyumba nzuri, nguo nzuri, na ndani ya nyumba hiyo anapigwa. Alikotoka alionewa, na sasa kwa mara ya kwanza amepata watu wa kula nao.

Na tazameni jambo dogo kiasi gani linalomharibu. Anamfolo Su-ho Instagram, Su-ho hamfolo. Basi! Su-ho wala hana habari, simu kwake ni ya kazi. Lakini Beom-seok anarudi kuangalia. Anafunga simu, anafungua, anaangalia tena. Halafu anagundua kuna mtu mwingine amefolowiwa na yeye bado. Hong Kyung hasemi neno hapo, koo tu linapanda na kushuka. Mpwa wangu alisimamisha video akaniambia, "Anko, huyu atawageuka." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Anahesabu."

Mimi nilisoma shule ya bweni huko magharibi. Sitaji jina. Wiki ya kwanza, sisi mamono, yaani wageni wa kidato cha kwanza, tuliamshwa usiku wa manane, tukaambiwa tupulize balbu mpaka izime. Rafiki yangu, tuliyetumia naye sanduku moja na mkate mmoja, akapewa kijiti cha kiberiti apime urefu wa bweni, kijiti kwa kijiti, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu baridi, akikosea hesabu anarudi mwanzo. Wakubwa wakacheka. Mimi nikacheka pia. Sikulazimishwa; nilitaka wanione niko upande wao. Aliinua kichwa, akaniangalia, akaendelea kupima. Hayo ndiyo macho niliyosema. Ijumaa baba yake alikuja akamchukua, yeye na sanduku, na mpaka leo sijamwomba msamaha. Kwa hiyo watu wakiandika kwamba Beom-seok ni shetani, mimi siwezi kuandika hivyo.

Kasoro zipo. Walimu wa tamthilia hii ni kama picha za ukutani, wapo lakini hawaoni. Nilitaka mtu mzima mmoja tu aulize swali. Na vipindi vya katikati, wale wahuni wa nje ya shule wanachukua nafasi kubwa mno. Msimu wa pili, Si-eun akiwa shule ya Eunjang, una magenge zaidi na mapigano zaidi. Unatazamika, ila haukunishika kama wa kwanza.

Mzazi, usimwachie mtoto wa darasa la sita. Kuna damu, kuna dawa za kulevya, na mwisho wake ni mzito. Aliye sekondari, kaa naye, na akisimamisha video akaanza kuongea, achana na video. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga au kumdhalilisha mwanafunzi, na namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo. Mpwa wangu alisimamisha mara tatu. Mara ya tatu hatukuendelea mpaka saa saba usiku, na aliyonieleza ni yake.

Msimu wa kwanza nausifu kwa moyo wote. Kama uliwahi kupimishwa bweni kwa kijiti, niandikie hapo chini. Na wewe uliyesimama pembeni ukacheka, niandikie pia. Nitazisoma zote.