Huduma ya Ushauri wa Kisheria kwa Wanaoanzisha Kampuni ya Matangazo: Tathmini ya Mteja

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na ofisi ya mawakili kwa watu wanaotaka kuanzisha biashara ya matangazo, na inajumuisha vikao vya ushauri, kitabu cha maelezo, na nakala za mikataba ambazo mteja anazirekebisha kulingana na kazi yake. Naieleza kwa kina kwa sababu wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani kwamba sheria inaishia kwenye usajili na leseni, ilhali hatari kubwa zaidi hujitokeza baada ya hapo, pale kazi za wateja zinapoanza kuingia.

Masuala ya usajili, kodi na vibali vya mabango yamepitiwa haraka, na sioni kosa katika hilo. Jambo moja tu limesisitizwa, nami nakubaliana nalo: ni busara kusajili kampuni ambayo dhima ya wanahisa wake ina ukomo, kwa kuwa wakala wa matangazo hujikuta akibeba madeni ya watu wengine.

Ubora wa huduma hii unaonekana zaidi katika suala hilo la madeni. Wakala anaponunua nafasi redioni au katika televisheni kwa jina lake mwenyewe, chombo cha habari humdai yeye, hata kama mteja aliyeagiza tangazo hajalipa au amefilisika. Nakala ya mkataba tuliyopewa ina kifungu kinachotamka kwamba wakala ananunua nafasi kwa niaba ya mteja aliyetajwa, na kwamba wajibu wake wa kulipa unaanza pale tu fedha za mteja zinapomfikia. Wakili alitufafanulia kwamba kifungu hicho ni lazima kiandikwe pia katika hati ya oda inayopelekwa kwa chombo cha habari na kukubaliwa huko, kwani makubaliano ya wakala na mteja hayamfungi mtu wa tatu. Ushauri huo peke yake unatosha kuhalalisha gharama ya huduma nzima.

Sehemu ya hakimiliki nayo ni nzuri. Inaeleza kwamba katika nchi nyingi mbunifu wa kujitegemea hubaki na hakimiliki ya kazi aliyoichora mpaka aihamishe kwa maandishi, kwa hiyo risiti ya malipo haitoshi kumfanya wakala, wala mteja wake, kuwa mmiliki wa nembo. Kuhusu muziki, inakumbusha kwamba wimbo una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kwamba tangazo linahitaji idhini ya wote wawili. Fomu ya ridhaa ya mtu anayepigwa picha imeandikwa kwa uangalifu, ikitaja muda, eneo na vyombo ambamo picha hiyo itatumika.

Juu ya ukweli wa matangazo, kitabu kinarejea kesi ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1892. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingelipa pauni 100 kwa yeyote atakayepata mafua makali baada ya kutumia dawa yake kama ilivyoelekezwa, na kwamba ilikuwa imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha nia yake; mahakama ilikataa utetezi kwamba hayo yalikuwa majigambo ya kibiashara tu. Kutokana na hapo mawakili wanashauri kila kazi iwe na faili la ushahidi wa madai yake, lililokamilika kabla tangazo halijarushwa, na wanaeleza kwamba nchini Marekani wakala naye anaweza kuwajibishwa iwapo alijua, au alipaswa kujua, kwamba madai hayo ni ya uongo.

Upungufu mkubwa uko katika taarifa binafsi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ya wakala ni kulenga matangazo mtandaoni kwa kutumia taarifa za watu, lakini kitabu kinaligusia suala hili kijuujuu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaruhusu faini ya hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi, na inaweza kuifikia hata kampuni iliyo nje ya Umoja huo ikiwa inafuatilia mienendo ya watu walio ndani yake. Suala hili lilistahili kikao chake. Vivyo hivyo, wajibu wa mtu maarufu kutamka wazi kwamba amelipwa ili kuisifu bidhaa umepewa sentensi moja tu.

Kwa anayetarajia kununua muda wa hewani au kuajiri wabunifu wa nje, naipendekeza huduma hii bila kusita. Anayekusudia kufanya kazi mtandaoni pekee aulize kwanza, kabla ya kulipa, kama nakala ya mkataba wa uchakataji wa taarifa binafsi imeshaongezwa, kwa sababu katika kifurushi nilichopokea haikuwemo.