Simu iliingia maji ya kisima: mchele, bloa, kisha Kariakoo

Naishi Kigamboni, na nyumbani kwetu tunatumia maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo sabuni haitoki povu. Jumamosi moja nimeinama kuchota, simu ikachomoka kwenye mfuko wa shati, chubwi, ndani ya ndoo. Haikukaa hata sekunde kumi. Nikaifuta kwa kanga ya mke wangu, naona bado inawaka, nikamshukuru Mungu.

Kumbe hapo ndipo nilipoiua. Badala ya kuizima nikaanza kuijaribu: nikapiga picha, nikafungua muziki, na kwa kuwa ilikuwa na asilimia 20 tu, nikaichomeka chaji. Ikazima yenyewe.

Shemeji akasema mchele. Kilo mbili nzima, siku mbili, laini nikahamishia kwenye kitochi ili nisikose kupokea hela. Nilipoitoa iliwaka kweli, lakini haiingizi chaji, kioo kina wingu kwa chini, na spika inaongea kama mtu mwenye mafua. Tundu la chaji lilikuwa limejaa unga wa mchele, nikautoa kwa kijiti cha meno. Baadaye nikasoma kwamba hata Apple wanawakataza wenye iPhone kutumia mchele, kwa sababu chembechembe zake zinaweza kuiharibu simu. Mchele wenyewe tuliupika, haukuwa na kosa.

Fundi wa kwanza ni wa kibanda cha karibu na nyumbani. Hakufungua simu. Aliipuliza kwa bloa ya moto juu ya kioo dakika kama tano, akatangaza kioo kimekufa, 90,000. Nikamwambia nakuja.

Jumanne nikavuka kwa pantoni, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi aliyenielekeza jirani. Huyu ndiye nataka kumzungumzia. Kwanza alichomoa kitrei cha laini, akamulika tochi ndani: kuna kistika kidogo ambacho kiwandani kilikuwa cheupe, changu kimekuwa chekundu. Kisha akaifungua mbele yangu, akachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine, akanionyesha kutu ya kijani kuzunguka sehemu ya chaji.

"Kaka, hii siyo maji, ni chumvi. Maji yalishakauka zamani."

Alinieleza vizuri. Maji yakiondoka, chumvi inabaki kwenye bodi, inavuta unyevu, na umeme wa betri ukipita hapo shaba inalika. Mchele hauwezi kutoa chumvi, na bloa ndiyo kabisa, inaikaushia palepale. Akaisugua bodi kwa mswaki laini na spiriti ya mafundi, isopropili, siyo ile ya kuwashia jiko, halafu akaitumbukiza kwenye kimashine kinachotetemesha maji kwa mawimbi ya sauti hadi uchafu unachomoka chini ya vifaa. Kuosha 30,000, kubadilisha sehemu ya chaji 15,000. Kioo hakukigusa kabisa. Wingu lilipotea lenyewe baada ya siku nne. Yaani zile 90,000 ningezitupa.

Nilimuuliza ingekuwaje kama ningeizima palepale na kuileta siku ileile. Akacheka, akasema pengine ningelipa ya kuosha tu. Mteja mwingine pale alikuwa na simu ya IP68, yaani iliyopimwa kuhimili maji, iliingia baharini, imekufa. Kipimo hicho hufanyika kwa maji yasiyo na chumvi, tena simu ikiwa mpya, haijawahi kuanguka wala kufunguliwa.

Yasiyonifurahisha yapo. Nilikaa saa nne kwenye kiti cha plastiki, risiti hakuna, garantii ni ya mdomo, wiki moja. Na aliniomba nenosiri la simu nimwachie niende zangu. Nikakataa, nikabaki nikimfungulia mwenyewe kila alipotaka kujaribu. Picha za familia yangu na hela zangu zimo humo.

Sasa ni wiki ya sita. Chaji inaingia, kamera safi, betri naona inaisha mapema kuliko zamani. Spika haijapona vizuri, nikipigiwa nikiwa kwenye daladala sisikii kitu. Fundi anataka 12,000 kuibadilisha. Nampa nyota nne, na mwisho wa mwezi nitarudi kwake.